Firigisi ya Mzee Mbele ya Kanisa Zima

Marafiki, leo nimejianika mbele ya kanisa zima hapa Kitale, na mpaka sasa sijui kama nicheke au nilie.

Mchana huu vijana wa kanisa letu walikuwa na mchezo wa kuigiza. (Nina miaka thelathini na sita. Kanisani kijana ni yeyote anayeweza kubeba viti.) Niliuandika mimi, na mimi ndiye niliyekuwa baba mkali anayewahangaisha wanawe wawili. Mazoezini watu waliniuliza nimemtoa wapi huyo baba. Nikawa nasema ni ubunifu. Uongo mtupu! Ni Mzee wangu wa Bokoli, kule Bungoma, kuanzia mwendo hadi kofia, ambayo niliichukua kwake Krismasi bila kuomba.

Kwetu Mzee akikohoa mara moja langoni, redio inazimwa na sisi wavulana tunasimama, mikono nyuma. Anakula peke yake. Firigisi ya kuku ni yake, hakuna mjadala. Mimi ya kwanza niliila nikiwa mtu mzima, hotelini, na bado niliangalia mlango kwanza.

Mzee hajawahi kuja kuona kitu changu chochote. Nilimwalika kwa heshima tu, nikijua hatakuja. Akaja! Na suti, na ndugu zangu wawili, akaketi safu ya mbele. Akijitambua pale jukwaani ataondoka, na akiondoka hivyo harudi kwangu tena.

Pazia likafunguliwa. Niko mezani na kuku wa kweli aliyepikwa, wanangu wa mchezo wamesimama ukutani. Nikanguruma: "Hii nyumba hakuna mtu ataketi kabla nimalize kula!" Ukumbi ukacheka. Nikanogewa. Nikainua firigisi juu waione vizuri.

Mzee akakohoa.

Jamani, sikufikiri. Nilirudisha firigisi kwenye sahani, nikavua kofia nikaiweka mezani, nikasimama mikono nyuma, kichwa chini. Mwanangu wa mchezo akaninong'oneza, "Bana, si wewe ndio baba?" Watu wakavunjika mbavu. Halafu nikaona wanageuka kuangalia kwingine. Ndugu yangu Simiyu naye alikuwa amesimama. Na Wafula, kaka yetu mkubwa, naibu mwalimu mkuu mwenye watoto wanne, amesimama mikono nyuma (simu aliyokuwa akirekodia ameitupa mfukoni).

Mzee akatuangalia mmoja mmoja. "Mbona mmesimama? Mimi niko na homa tu."

Akainuka, akapanda jukwaani polepole na goti lake bovu. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Nikamvutia kiti. Hakukaa. Akaichukua ile firigisi, akaipasua kwa vidole vipande vitatu, akawaita ndugu zangu, akatugawia.

"Ketini mkule."

Tukaketi sakafuni, maana kiti kilikuwa kimoja. Miaka yote hii nilidhani namjua huyu mtu, hata nikathubutu kumwandika. Hili nisingeliandika hata kwa kulipwa. Nilishangaa mpaka nikasahau kutafuna. Wafula alikuwa akilia waziwazi, mdomo umejaa.

Kisha Mzee akaokota kofia mezani, akachungulia ndani yake.

"Hii ni yangu."

"Ndio, Papa."

Akanivisha kichwani, akainyoosha kwa mkono wake mwenyewe. "Basi igiza vizuri. Mimi sipigangi kelele nikikula."

Mchezo ukaishia hapo. Palikuwa na sehemu ya mwisho ambapo yule baba anakufa bila kupatana na wanawe, lakini hakuna aliyeiulizia, hata mimi.

Sasa Mzee yuko kwangu, amesinzia kwenye kochi, nimemchemshia tangawizi. Kunicheka mnaweza, nimezoea. Ila mkipita kutusalimia, tafadhali mtu asikohoe.