Nilivyofuta Ng'ombe wa Watu Kilosa

Jamani, leo nimeaibika Kilosa, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nipo kwenye basi narudi Mikumi. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa ili nisiongeleshwe.

Umoja wa wafugaji una mfumo wa kumbukumbu za chanjo niliowatengenezea. (Hawakuniomba. Nilijitolea. Ndiyo tabia yangu.) Dada Rehema, afisa mifugo, anapita kwenye maboma kwa pikipiki, anachanja, kisha anaingiza kwenye simu: ng'ombe wa nani, rangi gani, hereni namba ngapi. Miaka miwili ya jua na vumbi. Bila orodha hiyo wazee hawapati kibali cha kupeleka mifugo mnadani.

Asubuhi wazee wakakutana ofisini, nami nikaenda kuwaeleza jinsi mfumo unavyolindwa. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikafungua kompyuta.

Nikaeleza kwamba seva zetu haziko Kilosa. Tunakodishiwa huko mbali, tunazifikia kwa mtandao. Wala sikuziunga kwa mkono. Nimeandika faili moja, kurasa tatu, linalotaja kila kinachotakiwa. Natoa amri moja tu, mtambo unajijenga wenyewe. (Nilitamka hayo kwa sauti ya mtu aliyeyavumbua.)

Mzee Lembris, mwenyekiti, akauliza, "Ukiharibika?"

"Hata ukifutika wote, mzee wangu, dakika kumi umerudi kama ulivyokuwa."

"Wote?"

"Wote!"

"Haya. Futa tuone."

Hapo mtu mwenye akili angesema amesahau chaja nyumbani. Lakini mzee ameshasema, wenzake wanane wananitazama, na aliyejisifu ni mimi. Rehema akaninong'oneza, "Kaka Deo, una uhakika?" Kompyuta nayo ikaniuliza swali hilohilo. Nikawajibu wote wawili ndiyo.

Ikafuta. Nikatoa amri ya kujenga. Mistari ikaanza kupita, kijani tupu! Dakika ya tisa ukurasa ukafunguka, nembo ya umoja inang'aa juu. Wazee wakapiga makofi. Nikainama kidogo kuwashukuru. (Ndiyo, niliinama.)

"Sasa nitafutie dume langu jekundu," akasema Mzee Lembris.

Nikatafuta. Hayumo. Nikajaribu namba ya hereni. Hayumo. Nikafungua orodha nzima, jasho limeshaanza. Jumla ya mifugo: sifuri.

Mzee akaisogelea kompyuta, akaikagua juu hadi chini.

"Kijana," (nina miaka hamsini na moja) "zizi nimeliona. Ni zuri. Ng'ombe wako wapi?"

Faili lile linajenga mtambo, halijui kilichokuwa ndani yake. Huwa kuna mstari mmoja wa kuweka humo, unaozuia data zisifutwe pamoja na seva. Niliutoa mwezi uliopita kwa sababu ulikuwa unanichelewesha kwenye majaribio. Nakala ya akiba? Niliitunza humohumo. Imefutwa kwa utaratibu mzuri kabisa.

Nikamgeukia Rehema. "Yale madaftari yako ya zamani..."

"Si uliniambia madaftari ni ushamba?" akajibu taratibu. "Nimewashia mkaa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoa kalamu, akageuza karatasi ya ajenda, akaanza kuorodhesha maboma kutoka kichwani, anaandika, anakata, anaandika tena. Mnada ni wiki ijayo. Mzee Lembris alishamwahidi mjukuu wake kwamba ng'ombe watauzwa aende chuo. Alisimama pale akiitazama ile karatasi, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Nitakusaidia kuzunguka," nikamwambia Rehema.

"Utaanza Mvumi kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Maboma yote, ng'ombe mmoja mmoja."

"Sawa, dada."

"Na hiyo uiache nyumbani." Akaionyesha kompyuta kwa mdomo.

Wazee wakaangua kicheko, wote isipokuwa mmoja.

Kwa hiyo mkinikuta Mvumi na daftari jipya, nambembeleza dume anigeuzie sikio nisome namba, msicheke. Nishikieni pembe.