Viti vya Msiba wa Bi Masuma wa Redioni

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumanne, 13 Agosti 2024.

Bi. Khatun Zoeb,
Mtayarishaji wa Michezo ya Redio.

Ndugu Mtayarishaji,

YAH: MSIBA WA MTU AMBAYE HAKUPATA KUZALIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa studio. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa Mzee Romani, ambaye habari zake nitazieleza hapa chini, na mke wangu Auleria, ambaye alifariki mwezi Aprili.

Mimi ni karani mstaafu. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya miezi mitatu ya kutunza mafaili, kwa hiyo nikikosea mahali naomba unistahi. Hapa mtaani mimi ndiye mtunza vifaa wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Vifaa vyenyewe ni maturubai mawili, viti vya plastiki themanini, na sufuria kubwa tatu na miiko yake, na vyote vinalala katika chumba changu cha uani.

Kwanza nakupongeza kwa mchezo wa "Nyumba ya Vyumba Sita", ambao tumeusikiliza kila Jumapili saa kumi na moja jioni kwa mwaka mzima. Naomba niukumbushe kwa kifupi, kwa ajili ya yeyote mwingine atakayeikuta barua hii mezani kwako. Bi Masuma ni fundi cherehani aliyepanga chumba katika nyumba hiyo. Anaugua kifua. Majirani wanapita mlangoni kwake kila siku, na kila mmoja anasema atamwona kesho. Gaspar wa chumba cha pili anaongeza sauti ya redio ili asimsikie akikohoa. Katika sehemu ya mwisho Bi Masuma anafariki, na hapo ndipo majirani wanapoleta turubai na kulia mpaka sauti zinakauka. Funzo lake hata mie nimeliona bila kusaidiwa: mgonjwa abishiwe hodi angali hai.

Auleria alilielewa mapema kuliko mimi. Kila ilipofika mahali Bi Masuma anaanza kukohoa, Auleria alivua miwani, akajifunga khanga, akatoka kwenda kumwangalia mtu. Jumapili hii mzazi wa nyumba ya nyuma, Jumapili ijayo Mzee Romani. Akirudi alikuwa akiniuliza, "Wamefikia wapi?" nami namsimulia huku anaosha mikono. Hakupata kumaliza hata sehemu moja ya mchezo wako. Naomba usilichukulie kuwa ni dharau.

Sasa yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuhusu viti. Jumatatu, siku moja baada ya sehemu ya mwisho, alinijia Bupe, ambaye anauza mihogo ya kukaanga na ndiye mwenyekiti wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa mchezo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa na fomu yetu ya kuazima vifaa, ameijaza yote. Jina la marehemu: Bi Masuma. Siku za msiba: tatu. Viti: vyote. Nilimwuliza kwa upole kama ni yule Bi Masuma wa redioni. Aliniangalia kama niliyemtukania mama yake. Akasema, "Mzee Gozbert, kwani wa redioni hawafi?" Nikaenda kuisoma katiba ya chama. Katiba inataka fomu ijazwe kwa wino na inakataza viti kupelekwa harusini. Haisemi popote kwamba marehemu ni lazima awe amewahi kuzaliwa. Fomu ilikuwa ya wino. Nikatoa viti.

2. Kuhusu fulana. Wapenzi wa mchezo walitaka fulana zenye picha ya marehemu, kama ilivyo kawaida siku hizi. Tatizo ni kwamba Bi Masuma ni sauti tu, sura hana. Wakaenda kwa Abuzar, mwenye duka la kuchapa fulana na kadi, wakamweleza kuwa wanataka mama wa makamo, mpole, mwenye huzuni kidogo. Abuzar akafungua kompyuta yake, na kwenye kazi za mwezi Aprili akamkuta mama wa namna hiyo hiyo. Alikuwa mke wangu. Kwa hiyo Bi Masuma wako, ambaye mimi mwenyewe nimemsikia redioni akitia udhu, sasa anapita mtaani kwenye vifua vya watu amevaa kitenge cha WAWATA, kile cha akina mama Wakatoliki, na rozari mkononi, na hakuna aliyeuliza. Nilipokwenda dukani Abuzar alisikitika sana, akaniomba radhi mara tatu, akaniletea soda. Nikainywa, maana amechapa vizuri. Hata yale macho ya Auleria aliyoyafumba nusu yanaonekana. Siku ile ya picha alikuwa anamharakisha mpiga picha kwa sababu aliacha maharage jikoni.

3. Kuhusu mimi kukalishwa. Nilikwenda pale turubaini kuwaambia wazivue fulana. Nilikuwa nimepanga maneno. Lakini waliponiona nimesimama mbele ya picha hiyo hiyo, waliyoitundika ikiwa kubwa, wakanyanyuka wote, wakanishika mkono mmoja mmoja. Shikamoo mzee, pole sana mzee, kazi ya Mungu mzee. Wakanipa kiti cha mbele. Sasa nikueleze kwamba msiba wa Auleria ulikuwa wa masika. Mvua ilinyesha siku zote tatu na turubai letu moja lina tobo, hivyo watu walikuja kwa zamu na kuondoka mapema, na siwalaumu. Safari hii jua liliwaka na viti vyote themanini vilijaa, na watu walikuwa wanailia sura yake. Sikuwasahihisha. Nilikaa siku zote tatu, nikaletewa pilau na ndizi. Ninalolalamikia hapa ni kwamba hakutokea hata mtu mmoja wa kuninyanyua.

4. Kuhusu Mzee Romani. Huyu ni seremala mstaafu, anaishi peke yake, watoto wake wako Songea. Ijumaa iliyotangulia sehemu ya mwisho ya mchezo aliteleza bafuni akaumia nyonga, na daktari akamwambia alale asiguse kazi. Turubai la Bi Masuma lilifungwa kwenye nondo za dirisha lake. Siku ya kwanza kilio kilipopanda, Mzee Romani aliita ili apatiwe maji. Mmoja wa wafiwa akaenda dirishani akamwomba apunguze sauti kwa kuwa kuna msiba. Ndipo akanipigia simu, nami nipo kiti cha mbele.

"Gozbert, huko nje nani kafa?"

Nikamwambia.

"Aliugua nini?"

Nikamwambia ni kifua, na kwamba aliugua muda mrefu na hakuna jirani aliyekwenda kumwona.

Akasema, "Masikini. Watu wana roho mbaya."

Nilimwahidi kuwa nitafika kwake mara nikimaliza kuhesabu viti.

5. Kuhusu Mwalimu Brightson. Unamfahamu, maana ndiye anayetoa sauti ya Gaspar katika mchezo wako. Yeye hufundisha hesabu shule ya msingi ya jirani na ni mtu asiyeweza kumfukuza hata kuku. Siku ya pili ya msiba alikuwa anatoka kazini, akaona turubai, akasimama kutoa pole kama mtu mwenye adabu. Alipofungua mdomo tu, sauti ikajulikana. Bupe akamwuliza mbele ya watu kwa nini aliongeza redio wakati mwenzake anakohoa. Mwalimu akajibu kuwa alisoma alichoandikiwa. Wakamwambia angeweza kukataa. Mama mmoja akamjia na mwiko wa chama, ambao umerudi kwangu una ufa, na Mwalimu akakimbia. Mlango wa kwanza aliousukuma ulikuwa wa Mzee Romani. Akamkuta mwenzetu midomo imekauka. Akampa maji, akabandika uji, akafagia. Tangu hapo anakwenda kila siku baada ya vipindi, anapitia uchochoro wa nyuma ili wapenzi wa mchezo wasimwone. Inanibidi nikutaarifu rasmi kwamba katika mtaa wetu mzima aliyelishika funzo lako ni Gaspar peke yake, na amelishika kwa kukimbia.

6. Kuhusu arobaini. Viti havijarudi. Bupe amevizuia mpaka Ijumaa ya tarehe 6 Septemba, ambapo patakuwa na shughuli kubwa ya kumkumbuka Bi Masuma, na wapenzi wenzao wa Mbweni na Kunduchi watakuja kwa basi la kukodi. Mzee Romani alimtuma Mwalimu aulize, endapo lolote litamtokea yeye hapa katikati, viti vitapatikana? Mwalimu akaogopa kuuliza, ikabidi niulize mimi. Bupe alijibu kwa heshima kabisa kwamba nimwombe mzee asubiri. Nilipompelekea jibu kwa simu, Mzee Romani alisema atajitahidi.

Ndugu Mtayarishaji, baada ya kulitafakari jambo hili kwa siku tisa ninazoiandika barua hii, nimeona kosa si la watu. Bupe ana moyo mzuri. Nimemwona akimlilia mtu ambaye hayupo kwa machozi ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa mtaani kwetu haonekani mpaka asikike redioni. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, Mzee Romani apewe sehemu katika mchezo wenu ujao, hata sehemu tatu zinatosha. Hahitaji mazoezi. Sauti yake imekwaruza tayari, na kuugua anajua. Msimuue, tafadhali, angalau mpaka viti virudi.

Pili, kila mwisho wa kipindi mtangazaji ataje kuwa mgonjwa huyo anapatikana nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu, na kwamba anapenda uji wa ulezi usio na sukari nyingi. Najua wapenzi watafika na fulana. Waje tu. Fulana wakishavaa, watamwuliza anahitaji nini.

Tatu, zoezi hili likifanikiwa, redio ishirikiane na serikali za mitaa ili kusiwe na mtu wa kuugua Gongo la Mboto bila kupangiwa saa ya kurushwa hewani. Atakayeugua nje ya ratiba avumilie. Wajane na wagane tupewe Jumapili zetu, wazee waliovunjika nyonga wapewe zao, na wazazi wa nyumba za nyuma wapewe dakika kumi kabla ya taarifa ya habari. Kwa mpango huu kila mmoja wetu atamlilia wa kwake akiwa bado anasikia.

Nne, na hili ni dogo, ukipata nafasi umwombe yule mama anayeigiza Bi Masuma apite siku moja pale turubaini akiwa mzima. Natambua kuwa hawatamwamini.

Nakuomba radhi kwa urefu wa barua. Wasalimie mafundi mitambo, wasalimie waigizaji wote pamoja na yule anayepiga sauti ya mlango ukifunguka, maana Auleria alikuwa anamsifu sana. Msalimie na mlinzi wa getini kwenu, ambaye naamini ndiye atakayeipokea barua hii kwanza. Bupe angekusalimu pia, ila hazungumzi na redio yenu mpaka mtoe tamko.

Ni mimi mwenye heshima kwako,

Gozbert,
Mtunza Vifaa.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha wakati Mwalimu Brightson alipobisha hodi. Amenikuta mezani. Akasema ametumwa na Mzee Romani, ambaye anauliza kama nimemaliza barua ya kumwombea, niliyomtajia kwenye simu. Nikamjibu bado kidogo, naitafutia anwani. Mwalimu akatazama chini kama anayeona aibu kwa niaba ya mtu mwingine, akanipa ujumbe kama alivyopewa: "Mwambie Gozbert aje aandikie huku. Hata meza ninayo."

Nimehesabu siku, kazi ambayo naijua. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu aanguke. Siku tatu nilikaa kiti cha mbele, siku tisa nimeandika barua hii, na hizo nyingine saba siwezi kuzieleza. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake hata jasho halitoki. Sijafika hata mara moja. Nimempigia simu tu, na kila mara nilimwambia kesho.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote sita yafutwe, na maombi yote manne yarudishwe kwangu. Usimpe Mzee Romani sehemu yoyote, akisikika hapa mtaani inatosha. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeshainakili kwa mkono safi na siwezi kuianza upya. Uji wa kumpelekea uko jikoni, ukipoa utaweka utando, na Mwalimu amekwishatangulia na chupa ya maji.

Ila kama siku moja utaandaa mchezo mwingine, na ukakosa mtu wa kumfanya jirani anayepita mlangoni bila kubisha, sauti ninayo na nafasi ninayo. Unikumbuke.