Tuliomba Saruji, Tukaletewa Petro na Wenzake

Tingi, Kilwa
12 Novemba 1934

Kwa Bwana Mkubwa wa Visima,

Baada ya salamu na heshima ikupasayo, nakuarifu kwamba sisi wa Tingi tu wazima, ila kiu. Mwezi wa nane kisima chetu kilibomoka. Kwa kuwa hapa mjuzi wa Kiingereza ni mimi peke yangu, nilikuandikia kuomba msaada, yaani saruji na mnyororo. Jumatatu iliyopita gari lako likashusha wanaume watatu, mikono mitupu.

Bwana, mimi sikusoma Ulaya, lakini niwie radhi nikufundishe Kiingereza chako. Yapo maneno mawili yanayofanana sana mdomoni. Linaloishia kwa C na E, assistance, ni msaada. Linaloishia kwa T na S, assistants, ni wasaidizi. Msaada hauli wala hauogi. Kwa hiyo nalalamika:

1. Wasaidizi wako wanaoga mara mbili kwa siku, maana ni watu wa Serikali. Maji huyachota mke wangu Mwahija, mtoni, mwendo wa saa nzima. Alikuwa akienda safari mbili, sasa ni nne, na goti lake la kushoto limevimba. Hili linaniuma kweli, wala sifanyi mzaha.

2. Niliwauliza kazi yao. Petro, mkubwa wao, mtu wa Kipatimu mwenye adabu zake, alisema wametumwa kumsaidia fundi. Fundi gani? Akasema, huyo niliye naye mimi. Mimi sina fundi. Basi wamekaa barazani kwangu wakimngoja mtu asiyekuwapo ili wamsaidie.

3. Mmoja wao, Abdala, ameshakuandikia kwamba kungoja kumewazidi nguvu, waongezewe watu. Tafadhali, barua yake isome kwa miwani.

4. Tukienda hivi, mwakani Tingi nzima tutakuwa wasaidizi, na wa kufanya kazi atabaki Mwahija.

Naomba uwaondoe wote watatu, umfukuze karani wako asiyejua C wala T, na ulete saruji kabla goti la pili halijaanza.

Nisalimie Bibi, mpishi, askari wa mlangoni, na karani huyo pia, ambaye namwombea shule.

Ni mimi, niliye chini ya amri yako ila si chini ya sarufi yako,
Tawakali bin Mfaume,
Mwandishi wa barua za watu

Tanbihi: Nimemsomea Mwahija barua hii. Alicheka, kisha akataka nimsomee na nakala ya ile ya kwanza. Nimeitazama. Neno limeishia kwa T na S, na mwandiko ni wangu. Karani usimfukuze. Mwahija amewagawia wale watatu ndoo, na ya nne amenipa mimi. Leo goti lake limepumzika. Kwa hiyo wasaidizi waache hapa hapa. Saruji bado naiomba, safari hii kwa Kiswahili.