Kompyuta ya Bosi Haiwaki

Jumatatu, 4 Machi
Sikai, situlii. Nafasi ya msimamizi wa kompyuta itatolewa Ijumaa. Ina chumba chake, kina feni na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Meza yangu mimi iko kando ya choo, na mke wangu keshamtangazia mama mkwe kwamba chumba ni changu. Mpinzani ni mmoja tu, dada wa masijala, tunayemwita Kimya kwa sababu hasemi mpaka aulizwe.

Jioni nimebaki nyuma. Nimefungua kompyuta ya Bosi na kuchomoa ramu, kile kipande chembamba cha kumbukumbu. Bila hicho haiwaki ng'o. Kesho Bosi atahaha, mimi nitagusagusa, nitakirudisha kimyakimya. Shujaa! Nimekitia mfukoni.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu amefua suruali. Na kipande ndani! Nilipofoka akaniuliza tangu lini naweka vyuma mfukoni. Kilikuwa kinachuruzika maji, muda unakwenda, basi nikakipiga pasi. Moto mdogo tu. Kimejikunja kidogo pembeni.

Ofisini nilimkuta Bosi akibonyeza kitufe kama anayepiga hodi. Ripoti ya mwaka imo humo, na bodi inakuja Alhamisi. Nikamwambia aniachie mimi. Nikafunga mlango, nikakipachika. Mashine ikalia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Nikamwambia imechoka, ipumzike hadi kesho. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Jumatano, 6 Machi
Bosi anachungulia kila mara kuuliza kama imeshapumzika. Kimya kamshauri aite fundi wa nje. Kiherehere! Nikasema fundi wa nje ataiba siri za ofisi. Bosi akaniunga mkono.

Mchana Kimya akaenda kula. Nikachomoa kipande cha kompyuta yake, nikakipeleka kwa Bosi. Ikawaka! Bosi kanikumbatia, kaniita mwanangu ingawa nimemzidi umri. Akataka kujua nimefanyaje. Nikasema nimepuliza vumbi. Nimempigia simu mke wangu, mama mkwe aanze kuchagua mapazia.

Alhamisi, 7 Machi
Ripoti imesomwa, bodi imeridhika. Wageni walipoondoka, Kimya akasema kompyuta yake nayo haiwaki tangu jana mchana. Akaomba, mbele ya Bosi, niipulizie kama nilivyoipulizia ile. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Bosi akaniletea maji na kunitia moyo.

Kimya akaomba aangalie. Akaonyesha nafasi tupu ndani. Akaenda kwenye ya Bosi, akachomoa kipande, akakirudisha kwake. Ikawaka. Akamwambia Bosi pole, baba, sasa yako ndiyo haina. Bosi hakunigombeza. Alichukua ile bilauri ya maji, akaondoka nayo. Imeniuma sana.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba kapewa Kimya. Mimi nimembebea meza. Mama mkwe kafika na mapazia, nikamwambia chumba kilikuwa kidogo, nimekikataa. Kakunja uso, kauliza sasa nitapewa nini.

Jumatatu, 11 Machi
Dereva wa Bosi anastaafu mwezi ujao. Magari nayajua vizuri, na mama mkwe nimeshamwahidi kumtembeza. Asubuhi boneti ilikuwa wazi, dereva kaenda kuchota maji. Nimechomoa plagi moja tu ya injini.