Mwezi wa Kompyuta ya Mama Eufrasia

Alhamisi, 22 Januari 2026

Kuanzia leo naandika kila kitu, ili mafanikio yakija pasiwe na ubishi yalitoka wapi.

Hali ilivyo. Naishi Ujiji kwa dada yangu Hasna. Katika chumba chake cha mbele nina kompyuta chakavu saba. Hasna anakitaka chumba auzie bizari mwezi wa Ramadhani. Amenipa hadi mwezi uandame. Baada ya hapo, alisema kwa upole kabisa, mashine zitahamia uani na mimi nitazifuata. Uani kuna kuku, na huu ni msimu wa mvua.

Tiba imepatikana. Mama Eufrasia, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakausha dagaa pale Kibirizi, anatafuta karani. Karani anapewa chumba chenye kufuli na soketi mbili! Mtihani wake ni mmoja: kikundi kina kompyuta ya zamani inayochukua nusu saa kuwaka. Nikiifufua, kazi yangu. Nikishindwa, anachukua Gervasi, fundi simu, ambaye ushauri wake ni wanunue mpya. Gervasi hana hata cheti cha kidato cha nne. Ana wateja tu.

Hajui habari za Linux. Mfumo wa bure, mwepesi, unafufua maiti. Ninayo aina tatu kwenye flashi.

Ijumaa, 23 Januari

Nimeileta mashine nyumbani na kunakili kwanza majina na namba za wateja wa kikundi. Mimi si mjinga.

Kisha nikaifungua mashine. Vumbi, magamba ya samaki, mende mmoja (hai). Pia kibetri cha duara, kama sarafu ya shilingi mia. Nimefikiri sana. Kompyuta ya mezani inatumia umeme wa ukutani. Betri ya nini? Nikakitoa. Kimeingia sawasawa kwenye mizani ndogo ya Hasna ya kupimia bizari, iliyokufa tangu Novemba. Hasna akafurahi, akanipa sambusa mbili. Hakutaja chumba mchana kutwa.

Jumamosi, 24 Januari

Matokeo ya majaribio.

Mfumo wa kwanza: uliwaka vizuri, ukakataa kuitambua kibodi.

Wa pili: mwepesi kupita kiasi. Ulileta kioo cheusi na kimstari kinachopepesa, kinasubiri niseme neno. Nikaandika Shikamoo. Haukuitikia.

Wa tatu: dakika moja na sekunde kumi na nne! Nilimwita Hasna aje aone. Akauliza kama ikishawaka haraka hivyo inaweza kutoka chumbani haraka vilevile.

Jumapili, 25 Januari

Kupunguza uzito. Nimeondoa picha ya nyuma, milio yote, na tarehe pale chini kwenye kona. Tarehe ninayo ukutani. Kila inapowaka ilikuwa inaleta onyo fulani kuhusu saa. Nimelizima onyo. Sekunde mbili zimeokolewa.

Nimegundua pia programu ndogo inayochora mwezi: wa usiku wa leo na wa siku kumi zijazo. Nikaitazama muda mrefu. Gervasi amekwisha.

Jumanne, 27 Januari

Nimeichomoa mashine, nikaifunga kwa kanga ya Hasna (hajui) na kuipeleka Kibirizi kwa bodaboda.

Mama Eufrasia aliitazama ikiwaka. Akauliza kama inaandika. Nikasema inaandika. Akasema ile ya mwanzo nayo ilikuwa inaandika.

Ndipo nikafungua programu ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, mitumbwi inapumzika ufukweni; giza likiingia watu wanakwenda ziwani na vichanja vya kuanikia vinajaa. Anayejua giza ameshika biashara yote. Mashine ikasema bila kusita: mwezi unakonda, giza totoro baada ya siku tano, yaani Jumapili. Nikachapa jedwali palepale.

Mama Eufrasia alilishika jedwali mbali na macho. Akasema mwezi aliouona yeye kabla ya haya mawingu ulikuwa unanenepa. Nikamweleza kwa heshima kwamba jicho la binadamu hukosea. Siku nne anga limefunikwa, na hiyo ndiyo faida ya kompyuta: haihitaji anga. Akasema atafikiria. Gervasi, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alicheka bila sababu.

Alhamisi, 29 Januari

Mama bado anafikiria. Watu wa vitendo hatungoji. Nimelipiga jedwali mhuri wa kikundi (ulikuwa mezani), nikalipiga picha na kuituma kwa wateja wote kumi na mmoja wa Kasulu. Njooni Jumatatu asubuhi, giza limeingia, dagaa tele. Sikumwambia mtu. Mama atafungua mlango akute foleni ya wanunuzi. Ukarani utanifuata wenyewe.

Jumatatu, 2 Februari

Walikuja wote kumi na mmoja. Kina mama watu wazima, na magunia matupu mabegani. Wakasalimia kwa Kiha, Mwakeye, wakauliza dagaa wako wapi.

Mawingu yalikuwa yameondoka usiku. Mwezi ulitoka mzima kama sinia, kwa mwanga wake ungeweza kutunga uzi kwenye sindano. Mitumbwi yote ilikuwa nchi kavu. Wavuvi walikuwa wanashona nyavu na wengine wamelala. Kichanjani palikuwa na kunguru.

Mkubwa wao, Bibi Wema, hakugomba. Hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Mwezi tuliuona tangu kwetu, mwanangu. Lakini karatasi ilikuwa na mhuri. Tukasema labda watu wa ziwani mmepata njia nyingine."

Mvuvi mmoja akanyanyua kichwa kwenye nyavu. "Oya Iddi, iambie kompyuta yako itoke nje iangalie juu."

Ufukwe mzima ukacheka. Mama Eufrasia hakucheka. Aliwapikia wageni wake ugali, akawaomba radhi mmoja mmoja kwa jina, akawasindikiza stendi na magunia yao matupu. Aliporudi aliuchukua mhuri mezani, akaufungia kwenye pindo la kanga.

Jumatano, 4 Februari

Gervasi ameifungua mashine mbele ya kikundi kizima. Akauliza betri ya saa iko wapi. Nikasema mashine hii inatumia umeme wa ukutani. Akaeleza kwamba bila hiyo, kila ikichomolewa inasahau tarehe na kurudi tarehe mosi Januari mwaka 2000. Mwezi niliouchapa mimi ulikuwa wa miaka ishirini na sita iliyopita. Akatia betri mpya, akasahihisha tarehe, na programu ikachora mwezi mzima ulioanza kumeguka, uleule tuliouona jana usiku.

Kwa hiyo programu yangu ni sahihi! Nilisema hivyo.

Karani ni Gervasi. Linux yangu ameiacha, anasema ni nyepesi na nzuri. Mama Eufrasia alinishukuru. "Mashine haina shida, Iddi. Shida ilikuja nayo."

Ijumaa, 6 Februari

Siku kumi na mbili hivi zimebaki. Hasna amepima chumba cha mbele kwa hatua.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Baada ya swala ya Ijumaa, Ustaadh Abdulmajid alinivuta pembeni. Madrasa ina kompyuta ya zamani imelala. Anataka ichape ratiba ya futari na daku, igawiwe mtaa mzima. Nikifaulu, stoo ya madrasa ni yangu. Habari za Kibirizi hazijamfikia.

Somo nimelipata na naliandika hapa ili nisilisahau: kosa lilikuwa mfumo wa tatu. Safari hii natumia wa nne.

Jioni nimeifungua mashine ya madrasa. Mende hakuna. Kibetri cha duara kimo, saizi ileile. Na kumbe mizani ya Hasna imezima tena tangu asubuhi, na bizari haijapimwa hata pakiti moja.

Nimefikiri sana. Sikusahau maneno ya Gervasi. Nimeyapima kwa haki. Lakini yale yalikuwa mambo ya mwezi. Futari inafuata jua.

Sambusa tatu.