Simba wa Saluni Mbele ya Jopo

Ripota, msoma gazeti wetu wa kijiweni, alilikunja gazeti akalipiga pajani. "Wamemkataa simba! Jopo la urithi limesema picha ya kwenye ukuta wa saluni haina uzito wa kitamaduni. Ifutwe!"

Brashi, mchora mabango, aliruka hadi kahawa ikammwagikia. Simba yule ni kazi ya mkono wake: kakaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, ananyolewa manyoya. Na kinyozi mwenye ukuta ni mimi.

"Jopo la kina nani?" Brashi akauliza.

"Majina yamefichwa. Eti wasishawishiwe."

"Wanajificha nini?" Mama Kahawa akadakia. "Hao hata saluni hawaijui. Vipara watupu! Mwanangu aliacha kulia akinyolewa kwa sababu ya huyo simba."

"Na wageni tunawaelekeza, 'Ukifika kwa simba, kata kushoto,'" nikasema. "Sasa tuseme ukifika kwa ukuta?"

Karani wa manispaa alikuwa kasimama pembeni na ndoo ya rangi nyeupe. "Jamani, mimi nimetumwa tu. Rufaa ipo. Pigeni kura ya siri, nanyi bila majina. Kizibo cha soda ni ndiyo, kokoto ni hapana. Mkimpitisha, naondoka na ndoo yangu."

"Hata sasa hivi!" Mama Kahawa akatoa sufuria tupu, akaifunika kitambaa. Tukatumbukiza mmoja mmoja, viganja tumevikunja, nyuso za kihakimu. Brashi alitumbukiza wa mwisho, nikamhurumia kweli.

Karani akafunua. Kokoto nne. Kizibo hata cha dawa.

"Nani msaliti?" Ripota akafoka, kisha sauti ikamwishia. "Mimi... nilijua nyie mtampitisha. Nikaona apatikane japo mmoja wa kupinga, wasije wakasema tumependeleana."

"Mwenzangu, hata mimi," Mama Kahawa akanong'ona.

Mimi nikakohoa tu. Tukamgeukia Brashi.

"Msinitolee macho! Picha ni yangu. Nikijipigia kura mwenyewe, si nitaonekana sina haya?"

"Basi mtaa umeafikiana na jopo," karani akasema, "tena kwa kauli moja." Akamwangalia simba, kichwa chake kiko juu karibu na paa. "Nani ana ngazi?"

Hapa kijiweni mwenye ngazi ni mmoja tu. Brashi aliweka kikombe chini, akaenda kuileta.