Mkono wa Utiifu

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba imetii hukumu ya Mahakama ya Jumuiya kwa asilimia mia moja. Mahakama iliamuru geti la mpakani liondolewe, wananchi wa nchi wanachama wapite bila kusumbuliwa. Waziri wa Utiifu mwenyewe alisimamia likikatwa kwa msumeno. Mahali pake akasimamishwa askari mrefu, mkono ameunyoosha.

"Huu ni mkono, si geti," Waziri aliwaeleza wachuuzi wa vitunguu. "Hukumu haikutaja mikono."

"Sasa tupite wapi, mheshimiwa?" mama mmoja akauliza. "Vitunguu vinaoza hivi!"

"Subira, mama. Utiifu ni mchakato."

Haki ya Mungu, aliipenda kazi yake! Akaandaa semina, akawafundisha mawaziri wa nchi jirani namna ya kutii bila kutenda. Walimpigia makofi mpaka viganja vikawawasha, naye moyo ukamjaa fahari.

Wiki iliyofuata simu yake ikalia katikati ya kikao. Alikuwa mama yake mzazi, anarudi kutoka nchi jirani alikokwenda kumwona mjukuu.

"We mtoto! Kuna jitu huku kwao limenyoosha mkono, halitaki nivuke. Linasema eti limefundishwa na wewe!"

Waziri akampigia mwenzake wa huko. "Ndugu yangu, huo ni ukiukaji wa wazi wa sheria ya Jumuiya!"

"Ukiukaji gani tena, mwalimu? Shusheni wenu, nasi tushushe wetu."

Waziri alikuwa anateua kamati ya kulitafakari hilo simu ilipolia tena.

"Jua linanichoma, miguu imevimba. Kama umeshindwa kunivusha, sema, nijue sina mtoto."

Alimwogopa mama yake kuliko Mahakama, Jumuiya na Rais kwa pamoja. Akaagiza mkono ushushwe saa ileile, hata chai hakumaliza. Wa upande wa pili nao ukashuka, na wachuuzi wakapita na vitunguu vyao huku wakipiga vigelegele.

Jioni akawaita waandishi wa habari, mama yake kaketi nyuma yake.

"Mheshimiwa, kwa nini nchi wanachama hutii sheria ya Jumuiya?"

Waziri akakohoa kidogo. "Ni kutokana na misingi ya utangamano, dhamira ya kisiasa, na—"

"Mwongo huyo," mama yake akasema, akijikanda miguu. "Nilimpigia simu."